Kiti cha Mama Pindo: Mlango Usiofungwa

Haya, rudini kwenye mabenchi yenu. Wiki iliyopita niliwaacha mlango wa mahakama unafunguka na shahidi wa mwisho anaingia, nikaweka kalamu chini, na nimetukanwa tangu siku hiyo. Fundi viatu wangu amekataa kunirudishia kiatu mpaka nimwambie aliyeingia ni nani. Basi nipate kiatu changu: aliyeingia ni Bwana Kitasa.

Ndiyo, mumewe. Mume wa diwani mwenyewe, kavaa lile koti la harusi yao, kaja kutoa ushahidi upande wa adui.

Mama Pindo alipomwona aliishika meza kwa mikono miwili.

"Si yeye," alimnong'oneza wakili wake. "Mwambie hakimu si yeye."

"Ni yeye, mama. Wewe hukuniambia kama atakuja."

"Sikujua! Ningejuaje? Hatusemezani!"

Kwa wewe uliyeokota gazeti leo, nakueleza upesi halafu tusonge. Mama Pindo ni fundi cherehani. Jina hilo alipewa na mtaa, maana alikuwa akiwashonea watoto mapindo ya sare zao bila kutaka hata senti. Watu wakampenda, wakampa kura, akawa diwani wa kata. Aliyeshindwa ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuza mabati. Huyo hakukubali. Alikimbilia mahakamani na hoja moja tu: sheria inamtaka diwani aishi ndani ya kata yake, na akihama, kiti anapewa aliyemfuatia kwa kura. Na Mama Pindo, kasema shemeji, kahama. Analala ng'ambo ya barabara kuu, chumba cha nyuma cha karakana yake ya kushonea, na ng'ambo ile ni kata nyingine.

Ubaya wa jambo lenyewe ni kwamba ni kweli. Mtaa mzima ulidhani mama analala kule kwa sababu ya wingi wa nguo za watu. Waliojua kwamba ndoa imevunjika ni yeye, mumewe na shemeji. Na mimi na wewe.

Iliharibika mara tu baada ya ushindi. Watu walianza kugonga alfajiri: wanne sebuleni, mmoja chooni, mwingine jikoni anajipakulia. Siku moja Bwana Kitasa akakosa pa kukalia nyumbani kwake mwenyewe. Akasema, "Mimi nilioa mke. Sikuoa ofisi."

"Basi baki na huyo mke, ukimpata," akajibiwa.

Mama Pindo akaweka ufunguo wake mezani, akachukua begi, akatoka. Akangoja mumewe amfuate. Mume naye akangoja mkewe arudi. Kila mmoja na kiburi chake, wakangojeana hadi leo.

Sasa tuingie mahakamani.

Wakili wa shemeji alikuwa mnene, na kila swali alilitanguliza kwa kikohozi cha kujitia heshima.

"Unafanya kazi gani, bwana?"

"Fundi vitasa. Natengeneza vitasa, makufuli, nachonga funguo."

"Na yule mama pale ni nani kwako?"

"Mke wangu."

Alilisema bila kumtazama. Mama Pindo akainua kichwa. Hajaitwa hivyo muda mrefu, na leo anaitwa hivyo na mtu aliyekuja kummaliza.

"Analala wapi mkeo?"

Bwana Kitasa akamtazama mdogo wake, akamtazama hakimu, akaishia kwenye viatu vyake.

"Mheshimiwa hakimu, lazima nijibu hilo?"

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani na uso usiotaka mchezo. "Umekula kiapo, bwana. Jibu."

"Halali kwangu."

Ukumbi ukalipuka. Huku watu wanaguna, kule wanapiga makofi, na mama muuza mkaa wa kule bondeni akashika kichwa. Shemeji akamkonyeza wakili wake.

"Halali kwako tangu lini?"

"Tangu zile mvua kubwa."

"Aliondoka kwa hiari yake?"

"Kwa miguu yake."

"Sina zaidi," wakili akasema, akakaa, na kiti kikalia chini yake.

Mama Pindo machozi yalimtoka, na hakujificha. Si kiti kilichomliza. Kiti kilimuuma, ndiyo, maana mtaro wa maji ya mvua aliouanzisha bondeni ulikuwa nusu tu, na kila mtu alijua kwa nini shemeji anautaka udiwani: mtaro ule ukiendelea unapita katikati ya yadi yake ya mabati. Lakini kilichomkata maini ni lile koti. Alilishona yeye kwa mkono wake. Mtu anawezaje kulivaa koti lile akaja kusema maneno haya?

Wakili wake akasimama. Dada mwembamba, mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, na leo sauti ilikuwa inatetemeka.

"Bwana Kitasa, mke wako aliondoka na vitu vyake vyote?"

"Begi moja."

"Nguo nyingine zipo?"

"Zipo kabatini."

"Vizuri. Na ufunguo wa nyumba anao, sivyo?"

"Hana. Aliuacha mezani."

Lo! Dada wa watu akapauka. Hapo aliuliza swali ambalo wakili hapaswi kuliuliza, swali la mtu aliyekwisha kuzama.

"Kwa hiyo... hata angetaka kurudi, asingeweza kuingia?"

"Angeingia," akasema Bwana Kitasa. "Mlango haufungwi."

Kicheko kilichopigwa pale kilitikisa madirisha. Nani asiyemjua Bwana Kitasa? Mtu aliyefunga kufuli kwenye kopo la sukari! Mtu ambaye ukienda kwake kuomba maji, unasikia vitasa vitatu vinazungushwa kabla hujaona pua yake! Hata askari wa mlangoni alilazimika kugeukia ukuta.

Mama Pindo peke yake hakucheka.

"Haufungwi kivipi?" akauliza wakili.

"Naurudishia tu. Sizungushi ufunguo. Usiku wala mchana."

"Tangu lini?"

"Tangu alipotoka."

"Fundi vitasa unalala mlango wazi? Wezi je?"

"Waliingia. Walichukua redio na pasi."

"Na baada ya kuibiwa hukufunga?"

Bwana Kitasa alikunja mikono. Kicheko kilikuwa kimekwisha sasa, na watu wa nyuma wamesimama ili wasikie.

"Redio zinauzwa dukani, dada," alisema. "Nilikuwa nafikiria hivi. Huyu mtu namjua, ana kiburi, na mimi ninacho. Akiamua kurudi hatarudi mchana watu wakimwona. Atakuja kimyakimya, atausukuma mlango mara moja. Ukikataa, hagongi. Anageuka. Na akigeuka harudi tena. Nikaona bora waibe."

Muuza mkaa akajifuta macho kwa upande wa khanga yake.

Na Mama Pindo? Masikini! Kila jioni, alipotoka ofisi ya kata, alipita njia ile. Kila jioni aliuona ule mlango wa bluu umeshikana na fremu, akajisemea moyoni, kanifungia. Hakuwahi kuusukuma. Angeusukuma wa nini? Amelala miaka yote kitanda kimoja na mtu anayefungia sukari!

Angeweka kiganja tu. Angeusukuma kidogo tu.

"Na kwa nini umekuja kutoa ushahidi dhidi yake?" wakili akauliza, na sasa sauti haikutetemeka.

"Niliitwa na mahakama, ningekataaje? Nimeulizwa analala wapi, nimesema kweli. Nilikuwa naomba mtu aniulize na mengine."

Wakili akageuka kwa hakimu, macho yanamng'aa. "Mheshimiwa, nyumba ya mtu ni ipi kama si ile anamongojewa?"

Wakili mnene akaruka. "Napinga! Hii ni mahakama au kipindi cha mapenzi cha redio?"

"Kaa chini," akasema hakimu. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Mahakama inajua kwamba makazi si pale tu mtu anapoweka ubavu. Mtu hulazwa hospitali, husafiri, hugombana na mwenzake, na nyumba yake ikabaki nyumba yake, mradi awe na nia ya kurudi. Kwamba nyumba ilimngoja, nimesikia. Kama yeye alikuwa na nia, hilo hatujui, na mwenye kulijua yumo humu. Mama, simama. Kumbuka uko chini ya kiapo. Ulipotoka pale, na miezi yote hii, ulikusudia kurudi?"

Shemeji mtu rangi ilimtoka. Aliona kiti kinamponyoka mikononi, na aliyekiponyosha ni shahidi wake mwenyewe, kaka yake wa damu!

"Sema ndiyo," wakili akanong'ona bila kufungua midomo. "Neno moja, mama. Umeshinda. Sema ndiyo."

Mama Pindo akamtazama mumewe.

Bwana Kitasa alikuwa amenyoosha shingo. Uso wake wote ulikuwa unaomba, lakini machoni mlikuwa na kitu kingine, na mwanamke aliyekaa na mwanamume miaka na miaka hahitaji kuambiwa. Alikuwa anaogopa. Mkewe akisema ndiyo, atakuwa amesema kwa ajili ya nani? Leo jioni atarudi nyumbani, atapika, watakula, na kila kijiko mumewe atakachopeleka mdomoni atajiuliza: huyu kanirudia mimi, au karudia anuani? Kila wakigombana litatoka hilo. Hatalisema, yeye si mtu wa kusema, atalifungia ndani pamoja na sukari yake.

Halafu kulikuwa na kiapo. Na kweli yenyewe ni kwamba Mama Pindo hakukusudia. Alitaka, alilia, alipita kila jioni akitazama mlango. Lakini kukusudia hakukusudia, alikwisha kata tamaa siku nyingi.

Kiti kiende, akaamua. Mimi nitakwenda kwake mikono mitupu, bila udiwani, bila hakimu wala wakili, nimwambie kwa mdomo wangu. Hapo ataamini.

Wasomaji wangu, ningekuwapo ningemvuta sketi akae. Sikuwapo.

"Hapana, mheshimiwa," alisema Mama Pindo. "Sikukusudia kurudi."

Maneno yaliyobaki yote aliyaweka. Alitaka kuyasema nyumbani, si mbele ya shemeji.

Wakili wake akaangusha kalamu. Bwana Kitasa akainamisha kichwa, akafunga vifungo vya koti, kimoja kimoja.

Hakimu hakuchelewa. Diwani amehama kata kwa kinywa chake mwenyewe, kiti kinakwenda kwa mlalamikaji, ofisi ikabidhiwe leo hii. Nje shangwe zikaanza kabla hajamaliza kusoma.

"Umejikaanga mwenyewe," wakili alimwambia kwenye korido. Alikuwa na hasira hadi machozi. "Nilikuwa nimeshakupa kiti mkononi!"

"Najua, mwanangu."

"Sasa kwa nini?"

"Sikutaka arudishiwe mke na mahakama."

Aliangaza macho kumtafuta Bwana Kitasa, hakumwona. Aliyemwona ni muuza mkaa, kasimama mlangoni na khanga yake mkononi.

"Mama Pindo, na mtaro wetu? Mvua zikija tukalale wapi?"

Mama Pindo akamshika mkono, akauachia. Muuza mkaa akajifunga khanga yake, akaenda zake bila kuaga.

Ofisi ya kata karani alikuwa amekwisha kufuta meza. Mama Pindo akatoa muhuri, akatoa ufunguo wa ofisi, akachukua kikombe chake cha chai.

"Samahani, mheshimiwa," karani akasema, halafu akajisahihisha, "samahani, mama. Kikombe ni cha ofisi."

Akakirudisha.

Karakana aliipitia haraka, akachukua begi lile lile alilotoka nalo, akavuka barabara kuu. Watu walimpisha njia, wengine walijifanya hawamwoni. Hakujali. Alikuwa anajifunza maneno. Nitamwambia, Fundi. Maana nyumbani waliitana hivyo, yeye Fundi na huyu Fundi, na wageni walikuwa wakichanganyikiwa. Nitamwambia, Fundi, niliogopa utadhani nimekurudia kwa ajili ya kiti. Sasa sina kiti. Nimekuja hivi nilivyo. Halafu atacheka kile kicheko chake cha puani, na mimi nitaweka maji jikoni.

Alikuwa anatabasamu peke yake barabarani, mtu aliyepoteza kila kitu mchana huo. Mbali huko alisikia honi za msafara wa shemeji zinazunguka kata.

Mlango wa bluu ulikuwa umerudishiwa, kama siku zote. Mama Pindo akatua begi, akajifuta uso, akaweka kiganja kwenye ubao. Akasukuma.

Haukwenda.

Akasukuma tena, kwa bega. Haukwenda.

Chini kwenye ngazi paliangukia unga mpya wa mbao, mweupe. Hakuuelewa. Akagonga.

Hatua zikaja, zikasimama.

"Nani?"

"Fundi, ni mimi."

"Kazi za vitasa nafanyia kibandani, mama. Kesho asubuhi."

Mama! Amemwita mama, kama wateja wake.

"Fundi, nifungulie. Nina maneno."

Kitu kikakwaruza sakafu, na chini ya mlango ukatokeza ufunguo. Ufunguo wake yeye, aliouacha mezani, bado umefungwa kile kipande cha kitambaa chekundu alichokishona ili asiupoteze.

Jamani, furaha aliyoipata! Aliuokota, akaubusu, akauingiza kwenye kitasa.

Hauingii. Akaugeuza. Hauingii.

"Fundi, haupiti."

"Najua. Kitasa nimebadilisha mchana huu."

"Sasa umenipa wa nini?"

"Ulikuwa unaning'inia hapa mlangoni, nautazama kila siku." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Chukua kilicho chako. Nimekwambia mbele ya watu wote kwamba nakungoja, mwanamke. Mimi! Watu wakanicheka. Ukaulizwa, ukasema hapana."

"Nilisema vile kwa ajili yako!"

"Kwa ajili yangu?"

"Nisikilize! Ningesema ndiyo..."

Honi zikamkatiza. Msafara wa diwani mpya ulikuwa umeingia mtaani, ngoma juu ya pikapu, vijana wanapiga mabati waliyopewa na shemeji, na taa za gari zikamulika ile ngazi na begi lake.

Ndani, Bwana Kitasa alisogea. Mama Pindo alisikia bega lake likiegemea ubao, karibu kabisa.

"Sema basi," alisema, na safari hii sauti ilikuwa ya mumewe. "Kama una neno, liseme, Fundi. Nipo hapa."

Mama Pindo akabandika mdomo kwenye tundu la kitasa. Akasema yote. Mlango aliouogopa kila jioni, kiti alichokitupa, kwa nini alikitupa. Alilia, alipiga kelele, alisema mpaka akaishiwa pumzi. Na muda wote huo pikapu ilikuwa imesimama mbele ya nyumba ya kaka mtu, honi imebanwa kwa kiganja, mabati yanapigwa hata yeye mwenyewe hasikii sauti yake, na shemeji juu yake anapunga mkono akifurahia.

Pikapu ikaondoka. Ngoma zikapotelea kona ya pili.

"Umenisikia?" akauliza Mama Pindo.

Alisikia hatua za mumewe zinarudi ndani, taratibu, na mlango wa chumbani unafungwa.